Vitenzi Vyapata Ofisi

Nina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia muhula uliopita, kuruka, kukimbia na kupiga makofi viko rasmi chini ya ofisi yetu. Zamani kila mwalimu wa chekechea alifundisha vitenzi holela, bila kibali. Mtoto wa miaka minne anasema "namwaga," na kweli anamwaga. Nchi gani ingevumilia?

Mimi ni katibu wa Kamati ya Vitenzi. Tuko tisa. Baada ya vikao kumi na vinne tulitoa mwongozo: vitenzi vifundishwe mtoto akiwa ameketi, mikono mezani. "Kimbia" ifundishwe kwa picha, tena isiyotia tamaa.

Walimu wote walitii, isipokuwa mmoja, wanamwita Bi Chapuchapu. Akisema "rukeni," watoto ishirini na sita wanaruka mpaka dari linamwaga vumbi. Aliyeninong'oneza ni fundi cherehani jirani yake, mdomo redio, Mungu amzidishie. Mkurugenzi wa ofisi yetu alifura.

"Tutawapima watoto wake mbele yangu. Wakikosa jibu moja tu, darasa nafunga, na yeye akatafute kazi nyingine!"

Tulifika saa tatu asubuhi. Mkurugenzi alipewa kiti cha mwalimu. Sisi tulikalia vya watoto, magoti masikioni. Picha za mtihani zilikuwa bado kwa mpiga chapa, basi tukatumia watu waliopo.

"Mimi nafanya nini?" nikawauliza watoto.

"Unaandika!"

"Na mjumbe huyu?"

"Anajikuna!"

Mjumbe akashusha mkono. "Ameacha!" wakaongeza.

"Na Mkurugenzi?"

Kabinti kamoja kenye pengo kakasogea, kakamkagua usoni, kakarudi kwa kunyata. "Anakoroma."

Mkurugenzi akagutuka. "Nani, mimi? Kosa! Funga darasa!"

"Sawa, baba," alisema Bi Chapuchapu. "Ila fomu yenu ya mtihani inasema jibu likiwa kosa, liandikwe lililo sahihi. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa... natafakari."

"Mbona udenda?" kakauliza kabinti.

Tukatoka nje kushauriana. Wataalamu tisa wa vitenzi tulitafuta kitu kimoja tu ambacho Mkurugenzi hufanya.

"Anasaini," nikapendekeza. Nikakumbushwa kwamba anayesaini ni karani wake.

"Anaongoza," alisema mjumbe.

"Kwenda wapi?" akauliza dereva wetu, ambaye hakualikwa.

Saa saba mchana Mkurugenzi mwenyewe aliingia ndani, akaomba kalamu, akathibitisha kwa mkono wake: *kukoroma, sahihi*. Darasa likafaulu kwa alama zote, na Bi Chapuchapu akabaki na watoto wake.

Kwa mujibu wa kanuni, nakala ya fomu hiyo imebandikwa katika kila chekechea. Matokeo yanatia moyo. Nasikia mwalimu akisema tu, "Haya wanangu, tufanye kazi kama Mkurugenzi," darasa zima linalaza vichwa mezani na kukoroma kwa bidii.