Mshipa wa Kushoto wa Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi

Leo bahati imekumbuka njia ya kwangu! Miaka kumi na tisa nalaza watu kwenye mashine ya skani, napiga picha vifua vyao, sijawahi kukutana na kitu cha ajabu. Leo nimekutana nacho. Bibi mmoja, moyo wake unadunda polepole mno, Ijumaa atawekewa betri ya moyo. Mimi na wewe tuna mshipa mmoja mkuu wa kushusha damu kutoka kichwani na mikononi, nao uko kulia. Wa kushoto hunyauka kabla hatujazaliwa. Wa kwake haukunyauka. Anayo yote miwili! Nusura nimkumbatie.

Halafu nikamtambua. Mwalimu wangu wa darasa la nne! Nikampa shikamoo. Akaniuliza kama bado nafunika daftari kwa kiwiko wenzangu wasione majibu. Akanikumbusha kwamba wino ulikuwa unasambaa, hata yeye akashindwa kuyasoma. Walimu wastaafu hawana kazi ila kukumbuka.

Mpango ni huu. Alhamisi kuna kikao, kila mmoja huleta picha ya ajabu aliyoiona. Siku hiyohiyo Mganga Mkuu anatangaza mkuu wa kitengo chetu. Kwa hiyo mshipa huu ni wangu, na Miwani asiujue. Miwani ndiye daktari anayesoma picha ninazopiga. Alipokuja mgeni, swichi ya taa nilimwonyesha mimi, leo ananiita "wewe". Nimemtumia picha za chini tu. Za juu nimesema zimeharibika, mgonjwa alitikisika. Kisha nikasimama mbele ya kompyuta, nikajipiga selfi na mshipa wangu, meno yote nje. Ushahidi.

Jumanne, 5 Machi

Miwani kauliza kama picha za juu zinaweza kurudiwa. Nikamwambia mashine imechemka. Akaandika kwenye ripoti kwamba sehemu ya juu haikuonekana, mgonjwa alitikisika. Maneno yangu, sahihi yake. Raha iliyoje!

Mke wangu kaniuliza naongea na nani bafuni. Nilikuwa najizoeza hotuba ya shukrani.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Mgonjwa aliyepangiwa upasuaji leo kaamka na homa, wakamvuta Mwalimu mbele. Nimesikia saa tatu asubuhi, chai mkononi. Waya wa betri hupitishwa bega la kushoto. Kwa Mwalimu utashuka mshipa usiotarajiwa na kuingia moyoni kwa mlango wa nyuma. Daktari wa moyo hajui. Anayejua ni mimi tu.

Nikamaliza chai. Nikajiambia yule ni bingwa, ataona mwenyewe. Saa tatu na nusu nikapanda ngazi hadi chumba cha upasuaji. Nesi wa mlangoni akaniambia nivue viatu, nivae vya kwao. Vya kwao vilinibana. Nikashuka.

Kazi ya saa moja ikachukua saa nne. Waya ulizunguka ukakataa kukaa, mshipa ukachanika, Mwalimu akaongezewa mifuko mitatu ya damu. Mwishowe wakaacha kushoto, wakapasua na kulia. Yu hai. Daktari wa moyo kafoka, kwa nini hakuonywa? Wakamsomea ripoti. Basi kosa likawa la mgonjwa, aliyetikisika. Jioni nikasukuma sahani pembeni, nikamwambia mke wangu ni jino.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka na hoja. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mshipa usipotee bure! Nitasema ni wa mgonjwa wa zamani, jina nalificha.

Nikaonyesha selfi yangu. Ukutani mimi, meno, na kifua cha Mwalimu. Mganga Mkuu akauliza moyo wa mtu huyu ulihamia kulia lini. Watu wakaangua kicheko. Simu yangu ya kishenzi! Ukijipiga selfi, kushoto inakuwa kulia. Na mimi ndiyo kazi yangu, kulia na kushoto, miaka kumi na tisa!

Angalau maandishi ya pembeni mwa picha yalikuwa kinyumenyume, hakuna wa kuyasoma. Miwani akafungua mkoba, akatoa kioo chake cha poda, akaupa ukuta mgongo, akasoma ndani ya kioo polepole: jina la Mwalimu, tarehe nne, saa nne na dakika kumi. Kicheko kikakatika. Daktari wa moyo hakuwa amecheka tangu mwanzo.

Mkuu wa kitengo ni Miwani. Mimi nina barua ya onyo la mwisho, na nimehamishiwa eksirei ya mifupa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda wodini na machungwa manne. Nilitaka Mwalimu aandike mistari miwili tu, kwamba alitikisika kidogo. Bandeji mabega yote mawili. Akasema aliambiwa asipumue na hakupumua, wala hakutikisa hata kope. Na kuandika hawezi, mkono haupandi. Mkono ule ulioniandikia ubaoni mwaka mzima.

Akaniuliza kama niliujua ule mshipa kabla. Nikatazama machungwa. Akasema basi, nimwite nesi, amechoka. Niliona aibu hasa, hadi kituo cha basi.

Jumatatu, 11 Machi

Chumba cha mifupa. Vidole, nyonga, vidole. Saa tano akaja fundi seremala aliyeanguka darini, nikampiga picha ya bega na kifua. Bega zima. Lakini juu ya pafu la kulia kuna mstari mwembamba uliopinda, na mwisho wake kitone. Mshipa uliopotea njia ukapita katikati ya pafu! Sijawahi kuuona ila vitabuni.

Kikao kijacho ni Alhamisi. Safari hii hakuna selfi, nitampa mtu anipige.

Mlango ukafunguliwa. Miwani, anataka kujua picha ya seremala imetokaje. Nikaweka kiwiko juu ya kioo cha kompyuta. Nikamwambia imeharibika, mgonjwa alitikisika.