Namba 31, 32 na 33

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimepika damu ya watu watatu.

Sikukusudia. Maabara yetu inachunguza jeni za wagonjwa arobaini na nane wa maumivu ya viungo wanaomeza vidonge vya kutuliza uvimbe, na mimi ndiye mtunza sampuli. Nilitaka kuwahi nyumbani. Badala ya kwenda mara mbili, kwenye majokofu kisha kwenye mashine, nikapakia vyombo vichafu na vichupa vya damu kwenye toroli moja, nikasukuma vyote ndani ya mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu. Namba 31, 32 na 33 zimetoka zimeganda kama maini.

Bi Daktari, mkuu wetu, si mkali. Angenituma tu kwa wagonjwa nikaombe damu nyingine na kueleza sababu. Hapo kwenye kueleza ndipo paliponishinda.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Dawa imepatikana. Damu ni damu.

Asubuhi nimepita kwa mama na sindano. Nimemwambia kuna uchunguzi wa bure. Mama ana magoti mabovu, na mwaka wa pili huu anameza vidonge vilevile tunavyovichunguza. Akanyoosha mkono bila swali, akasema Mungu anibariki kwa kumkumbuka. Nilitazama ukuta. Mjomba, kaka yake, alikuwa amekuja kunywa chai, naye akatoa. Kichupa cha tatu nimekijaza mwenyewe, chooni kazini.

31 ni mama, 32 mjomba, 33 mimi. Nani atajua?

Jumatano, tarehe 20 Machi

Majibu yametoka. Bi Daktari hakai kitini kwa furaha. Ametueleza upya: ndani ya kiini cha seli kuna kipokezi; dawa ikifika hukishika, nacho huziwasha jeni za kutuliza uvimbe. Sasa watu watatu wana kasoro ileile kwenye jeni ya kipokezi hicho. Dawa inapiga hodi, hakuna wa kuitikia. Kasoro yenyewe ni adimu, na anaamini hapo ndipo pa kulengea dawa mpya.

Ni Namba 31, 32 na 33. Bi Daktari akasema ni bahati iliyoje. Miwani, mchambuzi wetu, mtu anayekagua hata sukari kabla ya kuitia kwenye chai, akasema bahati haina mazoea ya kupanga foleni. Simpendi Miwani.

Kwa hiyo mama amemeza vidonge miaka miwili bure. Najua mimi peke yangu, na siwezi kumwambia bila kusema nimejuaje.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Makubwa. Bi Daktari ameagiza Namba 31 aache vidonge mara moja; 32 na 33 watafuata mwezi ujao. Namba 31 wa kweli, ambaye vidonge vinamfaa!

Nikajitolea kupiga simu. Ni bibi mmoja fundi cherehani. Akanihadithia kwamba kabla ya vidonge hakuweza kushika sindano, na sasa anashona sare za shule nzima. Nikamwambia aendelee kumeza. Akauliza, basi nimempigia kwa nini. Nikasema nilitaka kumjulia hali tu. Akanishukuru sana, akasema vijana wenye adabu siku hizi wamekwisha.

Tatizo nimelimaliza. Ila lile neno adabu linanikera.

Jumatatu, tarehe 25 Machi

Sikulimaliza. Kumbe Ijumaa ileile jioni Bi Daktari alimpigia mwenyewe kuhakikisha, na bibi akamtii bila kunichongea. Leo ameletwa na binti yake. Vidole vimevimba, hata kitasa cha mlango kafunguliwa. Aliitambua sauti yangu pale mapokezi, akamwambia binti yake ndiye huyu, yule kijana mwenye adabu. Nilikimbilia chumba cha majokofu nikakaa humo mpaka vidole vyangu navyo vikagoma kukunjika. Haki yangu.

Nimeamua kusema kweli. Kesho saa nne, watu wakishakunywa chai. Mtu hupokea vizuri akiwa ameshiba.

Jumanne, tarehe 26 Machi

Miwani hakungoja chai.

Saa tatu, mbele ya wote, akatuonyesha kwenye skrini. Amelinganisha jeni za wagonjwa wote. Namba 31 na 32 ni ndugu wa baba mmoja, mama mmoja. Namba 33 ni mtoto wa 31. Tena huyo 33, ambaye fomu inasema ni mwanamke wa miaka sitini, ni mwanamume.

Nikapendekeza kwamba pengine mashine imechoka. Bi Daktari akanitazama, akauliza kwa upole hiyo ni damu ya nani. Nikasema ya mama. Upole wake ndio ulionimaliza. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Bibi fundi ameanza tena vidonge vyake. Mimi nimeshushwa, naosha vyombo. Miwani amenipa glovu mpya. Ni kejeli au huruma? Vyote vinauma.

Bi Daktari hajanifukuza, kwa sharti moja. Mama anaweza kubadilishiwa dawa, na damu ya ukoo wetu itasaidia utafiti, lakini kwanza niende kwake na kwa mjomba, niwaeleze ana kwa ana nilichofanya, kisha wenyewe watie saini fomu za ridhaa. Nikaapa nitakwenda leo.

Na nimekwenda. Nimebisha. Mama akauliza kutoka ndani ni nani. Nikabana pua, nikasema samahani mama, nimekosea nyumba. Akanijibu hakuna neno, mwanangu, hata wangu huwa anapotea hivyo hivyo.

Nimerudi nyumbani nimelia kidogo. Kisha nimekaa mezani na fomu. Saini ya mama imetoka nzuri, nzuri kuliko anavyosaini mwenyewe. Sasa najifunza ya mjomba.