Kizimba cha Mzawa Namba Moja

"Mtaa huu mzima hakuna mzawa wa kunizidi mimi! Kitovu changu kimezikwa pale, chini ya ile nguzo ya umeme. Mtu asinitanie!"

Ndivyo alivyofungua asubuhi Panki, kinyozi. Anaitwa Panki, kama ule mtindo wa nywele, kwa kuwa kichwani hana hata unywele mmoja. Wateja wanadai nywele zake zilihama zenyewe, zilipoona anavyowafanyia wenzao.

Kilichomtoa povu ni tangazo. Kurasa, karani wa mtaa, mtu asiyeweza hata kukusalimia bila karatasi mkononi, alikuwa ametoka kulibandika ukutani, nyuma ya benchi la kahawa. Kibaraza wanachofanyia biashara kinabomolewa. Wote wanahamia soko jipya, ambako vizimba vinane vya mbele vinatazama kituo cha mabasi, na vizimba hivyo watapewa wazawa kwanza. Saba vilishapata wenyewe. Kimebaki kimoja. Atakayekikosa anapelekwa nyuma kabisa, jirani na machinjio ya kuku, ambako mteja akikufikia ujue amepotea njia.

Wanaokitaka ni wawili: Panki, na Chaji, fundi simu, aliyeweka meza yake pale miaka mitatu iliyopita.

"Tuelewane kwanza," alisema Mama Birika, mwenye kahawa. "Huyo mzawa ndiyo nani?"

"Aliyezaliwa hapa! Kwani hesabu hiyo?"

"Basi paka wangu juzi kazaa sita chini ya benchi hili hili. Kurasa, andika wazawa sita."

"Nimesema mtu, mama!"

"Haya, mtu. Mimi sikuzaliwa hapa. Lakini nimezaa wanne hapa, nimezika mume hapa, na nyie nyote nimewanywesha kahawa mpaka meno yamekuwa kama makaa. Mimi nani? Mpita njia?"

Panki alilitazama birika, akaona kikombe chake cha pili kinaota mbawa. "Wewe mama ni... mzawa wa heshima."

"Heshima yako nitaikaangia nini?"

"Ngojeni, nirekebishe. Mzawa ni mwenye babu hapa."

"Babu yako kazikwa wapi?" Chaji aliuliza bila kuinua macho kwenye simu aliyoipasua.

Panki akakohoa. "Babu hakufa. Alipotea."

Benchi zima likacheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Jamani, maelezo yapo kwenye fomu," alisema Kurasa, akapanua karatasi kama anayesoma hukumu. "Mzawa: mtu mwenye asili ya mahali hapa."

"Na asili?" aliuliza Mama Birika.

"Tazama nyuma." Akageuza. "Asili: hali ya kuwa mzawa."

"Hao waliandika wakiwa wamekaa kwenye feni," alisema Mama Birika.

Panki hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye kiti chake cha kunyolea, kile cha kuzunguka, akikiona tayari kimejaa manyoya ya kuku.

"Mimi sihitaji maelezo," alisema akimnyooshea Chaji kitana. "Mgeni anajulikana. Huyu kaja juzi na bisibisi tatu, mpaka leo mbwa wa mtaa wanambwekea!"

"Wananibwekea kwa sababu natembea, kaka. Wewe wanadhani ni sehemu ya kiti."

"Mgeni!"

"Mama yangu aliniambia nilizaliwa mtaa huu huu. Tukahama nikiwa mdogo. Ndiyo maana nikarudi."

"Aa, kila mtu ana mama, na kila mama ana maneno!"

Kurasa akagonga fomu kwa kalamu. "Maneno hayajai kwenye kisanduku. Hapa panatakiwa shahidi. Mtu aliyemwona mwombaji siku yake ya kwanza mtaani."

Panki karibu abusu ile karatasi. Shahidi anaye! Mzee Mkokoteni, ambaye amevuta mkokoteni mtaani hapo tangu nyumba zikiwa tano. Kila Ijumaa Panki humnyoa ndevu bure, na kila Ijumaa mzee humuuliza, "Hivi wewe ni mtoto wa nani vile?" Shahidi gani bora kuliko huyo? Hakumbuki kitu, na hana moyo wa kumkatalia mtu anayemshikia wembe shingoni. Kuhusu ukweli wenyewe, Panki alishausimulia upande wake kwa miaka mingi kiasi kwamba hata mkewe huwaonyesha wageni ile nguzo.

Na kama aliyeitwa, mzee huyo akatokea kona na mkokoteni mtupu.

"Babu! Njoo uwaumbue hawa. Siku yangu ya kwanza mtaani, ulikuwepo, hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Kurasa, andika!"

"Si mimi ndiye niliyekuleta?"

Kalamu ya Kurasa ikasimama hewani.

"Majina nasahau," alisema mzee, akiegemeza mkokoteni ukutani. "Mizigo sisahau. Wewe ulikuja juu ya godoro la mistari, katikati ya kabati lisilo na mlango na jogoo ndani ya kapu. Miaka saba hivi, meno ya mbele huna. Ulilia kutoka stendi mpaka hapa: nirudisheni kwetu! Jogoo naye akakuitikia."

"Babu, unanichanganya na mwingine. Mimi ni yule wa kwenye nguzo! Kitovu!"

"Wa kwenye nguzo?" Mzee akakunja uso. "Hiyo si ile ninayokusimulia kila Ijumaa ukininyoa? Yule mama tuliyekuwa tunamleta na kitanda chake, uchungu ukamshika hapo hapo kwenye nguzo, akajifungua juu ya mkokoteni wangu?"

Chaji akaweka bisibisi chini taratibu. "Kitanda gani, babu?"

"Cha chuma. Kina maua ya shaba upande wa kichwani. Mguu mmoja mfupi."

"Tuliuwekea tofali," alisema Chaji. "Mama bado anakilalia."

Mama Birika alimimina kikombe, akampa Chaji kwa mikono miwili. Kurasa akaandika jina la Chaji, polepole, kisha akapuliza wino.

"Lakini jamani, miaka yote hii!" Panki aligeuka huku na huku. "Nimewanyoa wote! Mimi nami si wa hapa?"

"Wa hapa sana," alisema Kurasa akikunja fomu. "Ila shahidi umemleta mwenyewe."

Mzee Mkokoteni akakizunguka kile kiti cha kunyolea, akakipima kwa macho ya mtu anayejua mizigo, kisha akamgeukia Panki kwa huruma.

"Machinjioni unahamia lini, mwanangu? Nitakubebea kiti chako bure. Lakini safari hii usilie."