Ukoo Wote Umo Kwenye Kompyuta

Jumatatu, tarehe 4

Nimeamka na hasira. Jumamosi kikao cha ukoo kitachagua mtunza kumbukumbu, na minong'ono yote inamtaja binamu yangu, fundi cherehani. Kisa? Ana daftari! Tena daftari lenyewe la vipimo vya wateja. Ukoo wangu uandikwe nyuma ya viuno vya watu?

Mimi natengeneza programu. Lugha ya kompyuta niliyochagua ni ya heshima: humo kitu kikishatengenezwa hakibadiliki. Ukiongeza mtu kwenye mti wa ukoo unapewa mti mpya, na ule wa zamani unabaki vilevile. Nimemweleza mke wangu. Akauliza, sasa ukihifadhi unahifadhi upi. Swali la mtu asiyejua kompyuta.

Jumatano, tarehe 6

Siku mbili nzima kwa bibi. Ametaja watu 214, macho ameyafumba, bila kusitasita. Binamu kando yangu analamba penseli, anamwomba bibi apunguze mwendo. Aibu! Mimi kila jina naandika, nabonyeza hifadhi. Mti unapanuka kwenye skrini hadi raha.

Mwishoni bibi akamtaja mtoto wake wa kwanza, aliyeishi siku tisa. Hakuna kati yetu aliyewahi kumsikia. Alifuta macho kwa ncha ya shuka, akasema amemaliza na hatarudia tena, orodha hiyo imemchosha moyo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto yuko salama kwangu. Nilimaanisha.

Binamu nimemshauri atupe penseli.

Alhamisi, tarehe 7

Umeme ulikatika. Sikujali. Uliporudi nikafungua faili. Mti una mtu mmoja. Mimi!

Imenichukua hadi saa sita mchana kuelewa. Mti wa kwanza kabisa niliuanza kwa jina langu, kwa majaribio tu. Kila nilipoongeza mtu, mti mpya ulitokea kwenye skrini, na amri yangu ya kuhifadhi ikaenda kuuchukua ule wa kwanza. Zaidi ya mara mia mbili nimejihifadhi mwenyewe. Na programu imenyamaza tu, inaniangalia! Utu uko wapi?

Mke wangu aliendelea kukunja nguo, na kukunja kule nakujua.

Ijumaa, tarehe 8

Nimemwambia bibi kwamba kompyuta inataka kuhakiki majina. Akasema ihakiki. Akageukia ukutani.

Mpango mpya: kupeleka suruali kwa binamu ipunguzwe, nilichungulie daftari akiwa anapima. Amenipima kiuno, akatangaza namba mbele ya wateja. Kisha akanipa daftari mwenyewe, bila kuombwa! Eti paa la duka linavuja, niyaingize majina kwangu yasije yakalowa. Nimenyimwa hata nafasi ya kuiba.

Nimenakili wote, daftari nikamrudishia. Amri nimeirekebisha, sasa inahifadhi mti wa mwisho. Nimezima, nimewasha: watu 214. Mtoto wa siku tisa yumo.

Jumamosi, tarehe 9

Asubuhi nikaona ukoo usio na tarehe za kuzaliwa ni ukoo uchi. Nikabadilisha umbo la mtu kwenye programu: zamani jina na wazazi, sasa jina, wazazi na tarehe. Dakika tano tu. Sikuona haja ya kujaribu.

Mbele ya ndugu wote, programu imelikataa faili. Kila mtu alihifadhiwa na vitu viwili, yenyewe inadai vitatu, kwa hiyo haikumsoma hata mmoja. Shangazi akauliza kama tumekufa. Binamu akasimama na daftari lake. Alipofika kwa mtoto wa siku tisa, bibi akamwomba arudie. Akarudia, polepole.

Wamemchagua yeye. Mimi nimepewa kazi ya kurudisha viti. Nimeonewa!

Jumapili, tarehe 10

Nimerudisha umbo la zamani na faili limefunguka. Watu 214, wote wazima. Nani alisema programu ni mbovu?

Nikamfuata binamu dukani. Nimemweleza kwa utulivu kwamba karatasi hulowa, ila kwangu ukoo uko salama, kwa hiyo azichane zile kurasa apate nafasi ya viuno. Alisita. Nikaongea hadi akachoka. Amezichana, akanikabidhi nikazitupe.

Mke wangu amezichukua mkononi mwangu, akazikunja, akaziweka kabatini chini ya mashuka, na ufunguo ameondoka nao. Watu wengine hawaiamini kabisa teknolojia.

Sasa naongeza sehemu ya majina ya utani. Dakika tano tu.