Kioo cha Nusu Giza

Nurdin wa stendi ya Masasi aliuza makava ya simu, miwani ya jua na, mteja akizubaa, matumaini. Juu ya meza yake alining'iniza kibao cha rangi nyekundu: MALI IKIUZWA HAIRUDI. Kilikuwa kimemwokoa mara nyingi, akakipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Jumatano asubuhi alisimama mbele yake Mwalimu Mabel, mstaafu, Mmakonde wa Newala, kamera kongwe shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hii kamera ya marehemu baba naitafutia filta. Kioo cheusi juu, kinafifia mpaka cheupe chini. Nikipiga picha Shimo la Mungu kule kwetu Newala, bonde linatoka vizuri, mbingu inaungua, inabaki nyeupe tupu. Na filamu nimebakiza moja."

Nurdin akaitazama kamera mara ya pili. Juzi tu mpiga picha wa Dar, Hamudi, alipita pale akielekea Newala. Kamera yake ya aina ileile ilivunjika njiani, na aliahidi milioni tano kwa atakayemletea nyingine nzima.

"Filta zipo, Mwalimu. Za Ujerumani." Akampigia simu binamu yake Basil, wakaongea Chiyao, lugha ya kwao, bila kushusha sauti, maana Mmakonde wa watu angeelewa nini? Alimwambia kamera anayoitafuta Hamudi kule Newala kwa milioni tano imejileta yenyewe. Leo angemuuzia bibi kioo cha miwani, na picha zikiharibika angemnyang'anya kamera kwa bei ya kutupa.

Mwalimu Mabel alikuwa akitazama makava ya simu kwa utulivu mkubwa.

Nyuma ya meza, Nurdin alivunja miwani ya kike yenye weusi unaofifia, akakibandika kioo kwa gundi kwenye kifuniko cha chupa kilichotobolewa.

"Nitajuaje kama kinafanya kazi?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo shida ya kamera hizi. Huchungulii kwenye lenzi, unachungulia kidirisha hiki cha pembeni. Humo kila kitu kizuri tu. Ukweli utauona picha zikishasafishwa."

Hapo Nurdin alisema kweli tupu. Ilimtokea mara chache, na hakuwa amezoea madhara yake.

Ijumaa Mwalimu akarudi, uso umemnyong'onyea. "Kamera imenishinda, baba. Ichukue, unipe kitu."

"Nakupa simu."

"Nataka ile pikipiki yako pale nyuma ya meza."

Nurdin aliumia. Pikipiki ilikuwa nyekundu, mpya, kiti bado kina nailoni, na ndiyo mali pekee aliyowahi kuipata kwa jasho. Lakini milioni tano ni pikipiki mbili! Akachungulia kidirishani: milima ya mawe, mabasi, mama ntilie, vyote safi. Mwalimu akaandika hati kwa mwandiko wa ubaoni, akamalizia na maneno ya kile kibao, neno kwa neno. Nurdin akasaini mbio, bibi asije akaghairi.

Alipanda basi hadi Newala. Nje ya gesti ya Hamudi ilisimama pikipiki nyekundu yenye nailoni kwenye kiti. Zinafanana, alijiambia, akaingia haraka.

Hamudi alifungua kamera kwa nyuma, akaielekeza kwenye mwanga, akabonyeza. "Giza. Shata haifunguki, imekufa."

"Nimechungulia mwenyewe, ni safi!"

"Umechungulia kidirisha, kaka. Hii ilizama majini."

"Iliangukia Mto Ruvuma mwaka nilioajiriwa," ilisema sauti nyuma yake. Mwalimu Mabel alikuwa mezani na chai na mihogo, kamera ya aina ileile shingoni. "Baba aliacha mbili." Kisha, kwa Chiyao kilichonyooka, akamuuliza kama Basil hajambo. Alikuwa amefundisha Nanganga miaka ishirini, na majirani zake Wayao hawakumwacha bubu.

"Mwalimu, pikipiki yangu..."

"Kibao chako kinasemaje?"

Nurdin alikijua kwa moyo. Alitamani kulia, akaona aibu.

Hamudi hakupata kamera ya kununua, lakini filta yake ilikuwa imepona kamera ilipovunjika. Walikwisha kukubaliana: Mwalimu achukue filta, yeye apige nusu ya ile filamu. Jioni walikwenda wote Shimo la Mungu, Nurdin akifuata kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda.

"Simama pale, baba," Mwalimu alimwambia.

Picha ilitoka vizuri ajabu. Mbingu ina mawingu yake yote, bonde halikupotea. Chini, upande wa kioo cheupe, Nurdin anaonekana wazi kabisa, ameikodolea macho pikipiki. Nakala ya Nurdin Mwalimu aliipeleka mwenyewe Masasi, kwa pikipiki.