Kanda Kumi kwa Beleshi Moja

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna kiumbe anayelijua jimbo hili kuliko mimi. Leo kabla ya chai ya saa nne nimelilamba lote! Kanda kumi, kutoka pwani mpaka milimani, kwa ulimi wangu mwenyewe. Lori hutumia siku mbili na nusu kulivuka. Mimi robo saa. Madereva waje wanipe mkono.

Maelezo kidogo kwa watakaoisoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Idara yetu ya udongo inatengeneza ramani ya jimbo zima kwenye sakafu ya ukumbi. Si ya kuchora. Ni sanduku la mbao, kubwa kama vitanda vinne, lenye vyumba kumi, na kila ukanda utajazwa udongo wake halisi. Mgeni rasmi anakuja Ijumaa ya wiki ijayo.

Udongo wote umekusanywa na Mzee wa Maabara. Miaka thelathini na moja! Kila safari ya kazi alirudi na mfuko. Mwisho wa mwezi anastaafu, na ramani hii ndiyo kwaheri yake.

Mzee huujua udongo kwa kuuonja. Huweka chembe kwenye ncha ya ulimi, hufumba macho, kisha husema huu una chokaa, huu ulilala na maji. Nikasema, hilo tu? Nikalamba wa kanda zote kumi. Mzee akacheka mpaka akashika meza. Akauliza, haya mwanangu, umeonja nini? Nikamjibu: udongo, mzee, mara kumi.

Udongo wa kanda tisa umo kwenye mifuko ya kitambaa. Wa kumi umo kwenye mkebe wa biskuti. Ni ukanda wa nne, bonde la mto, alikozaliwa. Bonde lenyewe halipo tena. Bwawa la umeme lililimeza, mashamba, nyumba na kila kitu. Wiki moja kabla ya maji kufika alichimba udongo wa shamba la mama yake akaujaza humo. Amenikabidhi kwa mikono miwili. Akasema nikiumwaga huu, hakuna pa kuchota mwingine.

Kwa nini mimi? Kwa sababu ni mimi! Binamu, mtoto wa shangazi yangu, ndiye mchora ramani hapa. Ana cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na hakupewa hata kijiko. Sote wawili ni wa muda, na nafasi ya kudumu ni moja. Naiona inaniita kwa jina.

Jumanne, 4 Machi

Maagizo ya Mzee: kila udongo utandazwe ndani, kivulini, juu ya karatasi, meza yake peke yake. Ugeuzwe kwa mkono. Wiki nzima. Kisha uchekechwe.

Wiki nzima! Kwa kazi ya jua!

Nimeupandisha wote juu ya paa. Zege la huko linachoma kama kikaango. Turubai moja, marundo kumi, mistari ya chaki katikati. Kufikia jioni yatakuwa makavu na nitaripoti kwa Mama Mkurugenzi kwamba kazi ya siku saba nimeila kwa siku moja. Binamu kauliza udongo uko wapi. Nikamwambia umekwenda kuota jua. Akasema Mzee alisema kivuli. Nikamwambia cheti chako kinaogopa jua, mimi sina cheti.

Saa tano kila kitu tayari. Nikaenda kwa kinyozi. Anayekaribia kuajiriwa lazima awe na kichwa cha kuajiriwa.

Jioni. Mvua!

Ilinikuta nusu ya kichwa imenyolewa. Nikatoka mbio na kitambaa cha kinyozi shingoni, mwenyewe akinikimbiza akidai kitambaa chake. Nilipofika juu, jimbo zima lilikuwa uji. Pwani imeingia milimani. Jangwa linaelea. Mistari ya chaki, kwaheri. Mvua imebeba yote kumi ikayatia kwenye bomba la maji ya paa. Sikuweza kuokoa hata kijiko. Ni mvua. Naandika wazi: ni mvua.

Jumatano, 5 Machi

Nimelia kidogo asubuhi. Kama dakika tatu. Kisha wazo likaja, na wazo zuri halimsubiri mtu apenge kamasi.

Nani anajua sura ya udongo ule? Mzee tu. Basi nitautengeneza!

Nyuma ya kantini kuna udongo laini ajabu. Wapishi humwaga pale maganda, maji ya vyombo na nyanya zilizooza, na beleshi linazama lenyewe kama kwenye keki. Huo ndio msingi. Uwanda wa juu mwekundu: ongeza vumbi la matofali. Mbuga nyeusi: chenga za mkaa. Vilima vya chokaa: nimesaga pakiti mbili za chaki. Msitu: unga wa mbao kutoka kwa seremala. Jangwa: mchanga wa mafundi wanaojenga choo kipya. Pwani na vinamasi vyake: kilo tatu za chumvi, maana mimi si mtu wa ubahili. Nyanda za nyasi, vichaka vya miiba na milima nimevitofautisha kwa majivu: kidogo, kiasi, mengi.

Bonde la mto sikuongeza kitu. Sikujua liongezwe nini.

Muumba alitumia muda mrefu. Mimi nilimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaza ramani. Nzuri mpaka inatia hofu! Binamu kainama, kanusa, kauliza mbona uwanda wa juu unanuka vitunguu. Nikamwambia huko ndiko vinakolimwa, hukusoma? Akaondoka akikuna shingo. Moja bila.

Tatizo: ulimi wa Mzee.

Suluhisho: vioo! Nimemwendea Mama Mkurugenzi nikamweleza habari ya vumbi, wageni wanaopiga chafya, na watoto wenye vidole. Kila ukanda ufunikwe kioo, kigandishwe kwa gundi, pasipite hata pumzi. Akasema nina akili ya kuzaliwa. Alisema hivyo mbele ya Binamu! Kabla ya kufunika nikanyunyizia maji, ndoo mbili, rangi zikaiva kama picha.

Mchana Mzee akaja. Akapiga magoti pole pole, akaweka paji la uso juu ya kioo cha ukanda wa nne. Akakaa hivyo. Akaniomba aonje chembe moja tu. Nikamwambia mzee, gundi bado mbichi, subiri uzinduzi. Akakubali kama mtoto aliyeambiwa zawadi ni kesho. Akasema anashukuru umefika salama.

Nikahisi kitu hapa kifuani. Nadhani ilikuwa njaa. Nikaenda kula.

Jumapili, 9 Machi

Nimeteuliwa kuwa mwelezaji wa ramani! Nafanyia mazoezi nyumbani, fimbo ya ufagio mkononi. Nimemwambia mama kwamba mbuga nyeusi ni mfinyanzi mtupu, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, mvua ikija unavimba na kuinamisha kuta za nyumba. Nimemwambia uwanda wa juu ni mwekundu kwa sababu ya kutu ya chuma. Vichaka vya miiba vina udongo mwembamba, jembe linagonga mwamba kabla hujakunja mgongo. Yote hayo ni maneno ya Mzee. Mdomoni mwangu yanapendeza zaidi.

Mama kauliza kama na hayo nimeyatoa nyuma ya kantini. Mama huyu! Nilimwambia siri moja tu, na sasa ananichekea jikoni.

Jumanne, 11 Machi

Vioo vimeingia ukungu kwa ndani. Binamu kauliza mbona jangwa linatoka jasho. Nikamwambia kwa joto la kule hata wewe ungetoka. Wafanyakazi wawili wakacheka. Tatu bila! (Mbili bila, lakini naikadiria.)

Nimeagiza madirisha ya ukumbi yafungwe. Ukumbini kuna joto zuri sana. Joto la mafanikio.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeona kitu cha kijani kwenye kona ya vilima vya chokaa. Kidogo. Kama majani mawili. Nimeamua ni rangi.

Hata hivyo nimetandika shuka jeupe juu ya ramani yote na kumwambia Mama Mkurugenzi kwamba mgeni rasmi alifunue mwenyewe, ndiyo heshima. Akapiga makofi. Nafasi ya kudumu sasa naisikia ikipumua sikioni.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Mgeni rasmi, bwana shamba mkuu wa jimbo, mtu wa tumbo na miwani, akashika shuka. Ngoma za moyo wangu! Akavuta.

Nyanya.

Miche ya nyanya, imesimama wima, imesukuma vioo kwa vichwa! Msituni nyanya. Milimani nyanya. Mbuga nyeusi, nyanya kama nywele za mtoto. Jangwani ndiko zilikostawi kuliko kote! Pwani tu ndiko kulikokuwa kumetulia, chumvi imefanya kazi yake.

Mgeni rasmi akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza kama macho yake yanaona nyanya jangwani. Mdomo wangu haujawahi kunitupa. Nikanyanyua fimbo nikasema, ndiyo mheshimiwa! Idara imethibitisha kwamba jimbo hili, ukanda kwa ukanda, linaweza kulisha watu nyanya! Akatoa daftari akaandika. Aliandika kweli! Watu wakapiga makofi. Mama Mkurugenzi alipiga pia, huku akinitazama ameuma meno. Binamu alicheka mpaka akakaa chini ya mti wa plastiki.

Mzee hakucheka. Aliomba kisu. Akakata gundi ya ukanda wa nne, akainua kioo, akasogeza miche kwa kidole kama anayechana nywele za mtu aliyelala. Akachukua chembe. Akafumba macho.

Akayafumbua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hii ni nyuma ya kantini.

Kisha akaniuliza, na wangu uko wapi, mwanangu?

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa hapo, imefunguka kabisa. Nikamwambia: mzee wangu, mimi nitauchezea udongo wa mama yako mbele ya wageni? Upo nyumbani, ndani ya mkebe, salama salimini. Huu wa hapa ni wa maonyesho tu.

Uso wake ukafunguka. Akanishika mikono yote miwili mbele ya ukumbi mzima, akasema hawa wote wana vyeti lakini huyu ana moyo. Atakuja kuuchukua Jumatatu. Anataka kuuweka kwenye chungu mlangoni, nyumba anayokwenda kustaafia, ili kila akitoka auguse na kuwa kwao kwa hatua moja.

Baada ya wageni kuondoka Mama Mkurugenzi alinipa ya kwangu. Nafasi ya kudumu: Binamu. Mimi: nyuma ya lori, beleshi mkononi, kanda tisa upya, kila mfuko nijaze mwenyewe. Binamu kaniambia safari njema, bwana nyanya. Nikamwambia nitakuletea jangwa zima mfukoni.

Safari ya bure! Jimbo zima! Wengine hulipia!

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata wazo. Lile la mwanzo lilikuwa na kasoro moja tu ya kitaalamu: mbegu.

Asubuhi nimechota tope zuri kutoka kwenye mfereji nyuma ya soko. Laini, la kahawia, tope la mto kabisa. Nimelikausha NDANI, kivulini, juu ya karatasi. (Mzee ana akili, nampa haki yake.) Kisha nikalikaanga kwenye sufuria ya mama dakika arobaini. Hakuna mbegu itakayotoka hai humo. Mama kaikuta sufuria na amenifukuza jikoni mpaka nioe.

Mchana nikampitia Mzee nyumbani kwake, shikamoo ndefu, nikamchokoa taratibu anisimulie ladha ya udongo wa bondeni. Akasimulia kwa raha, kasahau hata chai yake. Chuma kidogo, alisema, na mwishoni moshi, kwa sababu mama yake alikuwa akimwaga majivu ya jiko shambani. Nimerudi mbio. Nimekwangua kutu ya misumari kumi na miwili. Nimetia majivu. Nimeonja. Nimeonja tena. Ni wenyewe! Mkebe umejaa mpaka ukingoni, nimeufuta ukang'aa. Jumatatu naukabidhi kwa mikono miwili, na safari hii hata ulimi wa Mzee utapiga saluti.

Jambo moja niliandika vibaya kule nyuma, Jumanne ya mvua. Si yote kumi yaliyobebwa na maji. Rundo la namba nne nilikuwa nimeliweka kwenye kona ya juu, karibu na ngazi, na nilipofika lilikuwa bado limesimama, limelowa juu tu, ndani kavu. Nikasikia viatu vya Binamu vinapanda. Nilitaka akute paa safi. Nikachukua ufagio nikalifagia kwenye bomba pamoja na mengine, mimi mwenyewe.