Tamko Kuhusu Theluji ya Machi

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Utabiri wa Theluji inawatangazia watu wa jumuiya yetu ya milima ya Kivu ya Kusini, wanaoishi Marekani katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo, kwamba msimu wa ski, yaani kuteleza juu ya theluji, wa mwaka 2015 ulisimamiwa kikamilifu. Mimi ni Gakunzi, katibu. Lawama zote ziletwe kwa maandishi.

Kamati iliundwa Februari, vijana na akina mama wa kwaya wa miji hiyo mitatu walipopanga kukutana kwenye mlima mmoja karibu na Buffalo ili wateleze. Walitaka kwenda hivi hivi tu, kwa kuangalia hali ya hewa kwenye simu! Kwetu milimani ng'ombe hawahamishwi mpaka mzee atangulie kukagua malisho, na hatukuona kwa nini theluji ipewe heshima ndogo kuliko majani. Tukaazimia mtu yeyote asipande kabla mwenyekiti hajakagua. Ufunguo wa basi la kanisa nikautia mfukoni.

Mwenyekiti ni Mzee Sebineza wa Louisville. Amefanya kazi miaka minne katika ghala la nyama iliyogandishwa kule South End, kwa hiyo hakuna aliyebisha utaalamu wake. Bisogo, mjumbe wetu wa Buffalo, tulimnyima kura, kwani anaishi karibu mno na theluji na angeweza kupendelea.

Tatizo likawa Mama Mukandoli, mjane wa hapa Columbus anayetunza wazee wagonjwa. Mwanzoni mwa Machi alinifuata nyumbani kwangu, Morse Road, hata koti hakuvua.

"Katibu, basi inaondoka lini?"

"Tunasubiri utabiri, mama."

"Miye niko na samedi moja tu ya repos, ya kupumuzika, tarehe kumi na ine. Nimefanya double, zamu mbili kwa siku moja, mara tatu juu ya kuipata. Kisha hapo neige itakuwa imeisha. Donc, twende."

"Mzee hajakagua."

"Atakagua lini?"

"Tarehe ishirini na nane. Ndiyo siku aliyopewa na bosi wake."

"Gakunzi, na hiyo neige imeambiwa kama inangojea mzee?"

Nilimweleza kwa upole kwamba suala la theluji kuyeyuka halijawahi kuletwa mbele ya kamati. Akafunga vifungo vya koti.

"Miaka ine niko napangusa hii neige kwa gari, saa kumi na moja ya asubui, vidole vinakufa. Siku moja tu nataka nayo inibebe."

Maneno hayo yaliniuma, sikatai. Lakini niligusa ufunguo mfukoni nikakumbuka wajibu wangu.

Tarehe kumi na mbili Bisogo alitupigia simu akipiga kelele. "Joto inakuja! Huku majani inaanza kuonekana kandokando ya barabara. Samedi ya kesho kutwa ndiyo ya mwisho, kisha ni matope!" Kamati ilikaa kikao cha simu kwa saa tatu. Tulifungua kwa sala, tukapokea salamu za kila mji, tukauliza hali za watoto wote, na muda ulipokwisha tukaazimia Bisogo aandike barua.

Jumamosi ile Mama Mukandoli aliondoka na akina mama wa kwaya katika magari yao matatu, kitenge juu ya suruali mbili. Tulitoa taarifa kwamba safari hiyo haikufanyika. Kesho yake ikaja picha: yuko katikati ya mteremko, mikono hewani, mdomo wazi. Tuliichunguza picha kwa makini tukagundua kuwa theluji inayoonekana humo haikuwa na kibali.

Tarehe ishirini na nane nilimpeleka mwenyekiti kwa basi la kanisa mpaka mlimani. Alivaa suti. Mlima ulikuwa wa kijani na kahawia, viti vya kupandishia watu vimening'inia vitupu, na mzungu mmoja aliyekuwa anakunja wavu alituambia wamefunga tangu Jumatano. Mzee alisimama pale pale penye maegesho, mikono nyuma, dakika mbili. Kisha akasema niandike: "Theluji ni ya wastani. Hali inatia moyo."

Jumapili, baada ya ibada hapa Columbus, alisoma utabiri huo mbele ya kanisa zima. Mama Mukandoli akasimama.

"Mzee, pole na safari. Ulifika pale juu?"

"Nilikagua kwa macho. Kutoka parking."

"Bon. Miye nilifika. Nilianguka mara kumi na moja. Ya kumi na mbili nikashuka mpaka chini nimesimama, nikalia kama mtoto."

Vigelegele vikapigwa. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasema kwa sauti, "Basi huyu ndiye amekagua." Watu wakamgeukia yeye, wakamuuliza mwaka ujao waende lini.

"Siku nitakuwa na repos," akajibu. Azimio hilo likapita bila kura.

Mwenyekiti akaomba neno. Nilidhani anataka kupinga utaratibu. Alikohoa, akauliza taratibu kama katika yale magari matatu kutakuwa na nafasi. Mama Mukandoli alimtazama tangu tai mpaka chini, akamuuliza anavaa kiatu namba ngapi, ili akodiwe viatu vya kutelezea.

Mzee hakuijua. Akanigeukia mimi, katibu, nimjibie. Nilikuwa nimeinama chini ya benchi, kiatu mkononi, natafuta namba yangu.